Mbuyi na Kyungu

Mapacha, au mapasa kama tunavyosema Katanga, wakizaliwa katika nyumba ya Waluba wa Katanga, majina yao yamekwisha kuwatangulia: wa kwanza ni Kyungu, wa pili ni Kabange. Wakizaliwa katika nyumba ya Waluba wa Kasai, wa kwanza ni Mbuyi, wa pili ni Kabanga. Baba hakai kufikiri, wala shangazi hapendekezi. Joseph Kabila, aliyeitawala nchi yetu ya Kongo miaka 18, ni Kabange; dada yake Jaynet, aliyezaliwa naye tumbo moja siku moja, ni Kyungu. Kwa Wakasai, mtoto anayewafuata mapasa ni Kanku. Aliyezaliwa na kitovu kimemzunguka shingoni ni Mujinga, na msomaji wa pwani asicheke, Mujinga si mjinga.

Kabanga na Kabange wametengana kwa irabu moja tu. Katika mji wa Likasi, mwaka 1992 na 1993, umbali wa namna hiyo ulitosha kumtoa mtu nyumbani kwake na kumlaza stesheni.

Nimekuwa nikiwaza jinsi majina yanavyokufa. Wazungu wameliwaza jambo hili kwa muda mrefu, na kwa hesabu. Mjerumani mwenye jina la ukoo lisilo la kawaida hutafuta kijiji lilikoandikwa kwa mara ya kwanza, kazi ya babu aliyeitwa hivyo, kisha huhesabu waliobaki nalo: nyumba kumi kule Bavaria, mbili ng'ambo ya bahari, basi. Mwaka 1873 Mwingereza Francis Galton aliuliza hadharani swali lililokuwa likimsumbua, kwamba koo zilizokuwa na sifa zinatoweka. Je, zinakwisha kwa udhaifu wao au kwa bahati tu? Aliyemjibu ni Henry William Watson, mchungaji aliyekuwa pia mwanahisabati, na mwaka 1874 wakachapisha jibu pamoja. Jina hupita kwa mwana wa kiume. Huyu anazaa wana watatu, yule anazaa mabinti watupu, mwingine hazai kabisa, na baada ya vizazi kadhaa jina limezimika bila ya mtu yeyote kulitakia mabaya. Watson aliteleza mwishoni akahitimisha kwamba majina yote lazima yafe. Wengine walikuja kumsahihisha baadaye. Ila kiini cha jibu kilibaki: jina linaweza kufa pasipo adui.

Kwetu jina halitembei kwa mstari huo. Linaruka. Mtoto hupewa jina la bibi mzaa mama, la mjomba aliyefariki juzi, la rafiki aliyemsaidia baba siku ya shida. Kaka na dada wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matatu matatu kila mmoja, wala asiyewajua asitambue kwamba ni ndugu. Mjini siku hizi jina la baba limeanza kushika kwa mtindo wa Kizungu. Étienne Tshisekedi alikuwa wa Mulumba, na mwanawe Félix ni Tshisekedi Tshilombo. Lakini desturi ya chini bado ni ile ile, na ina faraja ambayo hesabu za Watson hazikuijua. Bibi akifa, mjukuu akizaliwa akapewa jina lake, baba wa mtoto humwita yule kichanga "mama", na hasemi kwa mzaha. Humheshimu. Humwomba radhi. Aliyeondoka amerudi kwa mlango mwingine. Hatuhitaji mwana wa kiume wala ukoo mrefu ulioandikwa, tunahitaji tu mtoto na mtu wa kukumbuka.

Hiyo ndiyo dawa yetu ya kifo, nami sijaona iliyo bora zaidi. Tatizo lake ni kwamba haitibu kufukuzwa. Aliyefukuzwa hajafa. Jina lake lipo hai, liko naye mahali pengine, na mji aliotolewa hauwezi kumzaa upya.

Likasi wenyewe ulikaa zaidi ya miaka 30 ukivaa jina la ukoo wa mtu. Uliitwa Jadotville, mji wa Jadot, kwa heshima ya Jean Jadot, mhandisi wa Kibelgiji aliyezaliwa mwaka 1862, akajenga reli ya Beijing hadi Hankou kule China, kisha akapanda hadi kuiongoza Société Générale, kampuni iliyoushika uchumi wa Ubelgiji mkononi. Watu wa mbali wakilikumbuka jina la Jadotville leo, hukumbuka askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa waliozingirwa hapo Septemba 1961. Ninachokikumbuka mimi ni mwaka 1906. Katika mwaka huo mmoja, kwa mkono wa Jadot, zilizaliwa Union Minière, ya kuchimba shaba ya Katanga, na BCK, kampuni ya reli ya kuiunganisha Katanga na Bas-Congo. Mgodi na reli, ndugu wa mwaka mmoja.

Mwaka 1966 serikali ililiondoa jina la Jadot, mji ukarudi kuwa Likasi. Sikulilia jina hilo na sijakutana na mtu wa mtaa wa Kikula au wa Panda anayelililia. Kibao kilibadilishwa, barua zikaandikwa anwani mpya, na hakuna aliyelala njaa kwa sababu hiyo. Jina la mkubwa likitolewa ukutani, mwenyewe hapungukiwi.

Reli yake ndiyo iliyobaki kufanya kazi. Katanga ilikuwa na shaba nyingi na watu wachache, na Union Minière ikawa inatafuta mikono Rhodesia ya Kaskazini, Ruanda-Urundi na Kasai. Mwaka 1928 njia ya BCK ilifika Port-Francqui, ambako leo ni Ilebo, ikiwa imekata Kasai katikati. Wakati huo huo kampuni ilikuwa imeamua kuacha kuwaajiri wanaume kwa miezi michache na kuwarudisha kwao. Sasa iliwataka waje na wake zao, wakae, wazae. Ikawajengea nyumba za kambi, shule na zahanati. Mbuyi wa kwanza walishuka Likasi wakiwa na masanduku ya bati, na Mbuyi wa pili walizaliwa hapo hapo, karibu na mabomba ya moshi ya kiwanda cha Shituru. Wa tatu walikuwa hawajaiona Kasai hata kwa picha. Walisema Kiswahili cha Likasi, wakisutwa na babu zao kwamba Kiluba chao kimeharibika. Wengi walisoma, wakawa makarani, walimu, wauguzi, mafundi wa kiwandani, na hapo ndipo kijicho kilipopata pa kukaa. Uchaguzi wa manispaa wa Desemba 1957 ulipowainua wageni kule Elisabethville, Lubumbashi ya leo, wanasiasa wenyeji walijibu mwaka uliofuata kwa kuunda chama cha Conakat. Mwaka 1960 kiongozi wa chama hicho, Tshombe, akatangaza Katanga kuwa nchi peke yake, na Wakasai wengi wakafungasha. Ilikuwa mara ya kwanza.

Kisha akaja Mobutu na majina. Mwaka 1972 yeye mwenyewe aliacha kuwa Joseph-Désiré, na raia wote wakaamriwa kuacha majina ya ubatizo ya kigeni. Padri aliyembatiza mtoto Jean au Marie alitishiwa kifungo. Kardinali Malula alipopinga alilazimika kuondoka nchini kwa muda. Mengi yameandikwa juu ya amri hiyo, ya kuisifu na ya kuikejeli, nami nakiri kwamba kuna fahari niliyoiona ndani yake. Lakini kuna jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha. Jean alikuwa Jean popote. Jina la ubatizo halikumwuliza mtu ametoka upande gani wa mto Lubilash. Lilipofutwa kwenye kitambulisho, yakabaki yale tu yanayoutaja ukoo, kila mmoja akawa amebeba asili yake kwa herufi kubwa. Sisemi Mobutu alipanga hivyo. Nasema miaka 20 baadaye, walipokuja waliotaka kusoma, maandishi yalikuwa tayari.

Walikuja mwaka 1992. Mkoa ulikuwa ukiitwa Shaba, na gavana wake tangu mwaka uliotangulia alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, kigogo wa chama cha UFERI pamoja na waziri mkuu Nguz Karl-i-Bond. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilikuwa inaporomoka. Mgodi wa Kamoto ulikuwa umebomoka mwaka 1990, na mishahara ilikuwa haitoshi. Mobutu, aliyebanwa na Mkutano Mkuu wa Taifa, alinufaika kila wapinzani wake walipogombana wao kwa wao. Mwezi Agosti mkutano huo ulimchagua Étienne Tshisekedi, Mkasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz, Mkatanga. Kule Lubumbashi watu walishambuliwa siku hizo hizo. Likasi ikafuata mwezi Septemba.

Kabla ya kunyang'anywa nyumba walinyang'anywa jina. Katika mikutano ya hadhara Wakasai waliitwa bilulu, wadudu. Mdudu hana Mbuyi wala Kanku, hana bibi aliyerithiwa. Vijana wa JUFERI, tawi la vijana la UFERI, walipita nyumba kwa nyumba. Jina kama Ilunga au Kasongo liliweza kumchelewesha mwindaji kidogo, kwa kuwa linatumika pande zote mbili, na Kalala Ilunga, anayehesabiwa kuwa ndiye aliyeanzisha dola ya Waluba, ni babu wa wote. Mbuyi hakuwa na mahali pa kujificha. Familia zilizochanganyika, mama wa Katanga na baba wa Kasai, zililazimika kuamua nani abaki, jambo ambalo hakuna familia inayopaswa kuliamua.

Makumi ya maelfu walikusanyika kwenye stesheni ya Likasi na kwenye majengo ya shule. Walikaa wiki, wengine miezi, wakisubiri treni chini ya maturubai, mvua ikinyesha, maji machafu, surua ikitembea kati ya watoto. Treni zilipokuja walipanda hata juu ya mabehewa ya mizigo. Safari ilikuwa Tenke, Kamina, Mwene-Ditu, njia ile ile ya BCK aliyokuja nayo babu, sasa ikisomwa kinyumenyume. Wengi walifia stesheni na wengi walifia njiani. Katika mkoa mzima waliong'olewa walikuwa mamia ya maelfu. Walifikia Kasai iliyowapokea kama wageni, kwa sababu walikuwa wageni.

Mji uliobaki nyuma ulikuwa na mapengo ambayo si ya kuta. Darasa linapoitwa asubuhi na mwalimu akaruka majina kumi na mawili, wanafunzi waliobaki hujifunza kitu ambacho hakimo kwenye ratiba. Idara zilipoteza watu waliojua mashine kwa sauti yake. Nyumba zilipata wenyeji wapya, na wenyeji wapya mara nyingi ndio hao hao waliokuwa majirani. Wakasai ambao hawakuondoka kabisa ni waliokuwa makaburini, na kaburi la mtu ambaye jamaa zake wamepelekwa mbali halina wa kulipalilia.

Najua kuna watakaosema yamepita. Ni kweli majina yamerudi. Baada ya utawala wa Mobutu kuanguka mwaka 1997, na hasa migodi ilipofufuka, njia kutoka Kasai ilianza tena kuleta watu, na leo ukipita sokoni Likasi utasikia mtu akimwita Kanku na mwingine akiitika Mbuyi. Anayehesabu majina kwa mtindo wa Galton angeridhika: lilikuwa jina la kawaida, likawa adimu, likawa la kawaida tena. Lakini hesabu ya namna hiyo haimtambui mtu. Mbuyi aliyekuja mwaka jana kutafuta kibarua cha kobalti si Mbuyi aliyezaliwa Panda na kujua ni mwembe upi unawahi kuiva. Jina hili hasa linatuhadaa kwa urahisi, kwa kuwa halirithiwi na mtu, huletwa na mapasa, na mapasa hawataacha kuzaliwa.

Nami sioni aibu kuitaja hasara hiyo kuwa ni ya Likasi nzima, pamoja na akina Kyungu na Kabange walioachiwa nyumba. Mwizi naye hupoteza jirani. Kuna watoto wa Kikatanga waliopewa majina ya marafiki wa baba zao kutoka Kasai, wakakua bila kumwona somo wao, na wakiuliza huambiwa alihama. Neno "alihama" ni uongo, na sisi wazee tunaolisema tunajua.

Basi kwako wewe unayesoma na una picha ya darasa, ya kwaya au ya timu ya mpira ya Likasi ya kabla ya Septemba 1992: igeuze, andika nyuma yake majina ya wote waliosimama humo, yote matatu kwa kila mmoja, kwa wino usiofutika. Usimwachie mwanao kazi hiyo, kwa sababu yeye hawajui. Na yule unayemkumbuka kwa jina la utani tu, uliza waliosoma naye, Mwene-Ditu na Mbuji-Mayi simu zinapatikana.