Alama ya Kidole Gumba

Baba alikuwa askari kanzu Mombasa, na mikono yake ilitoka jasho hata Julai. Kila usiku alitandaza gazeti mezani, akafungua Browning yake, akaifuta slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka. Kitambaa na mafuta alivihifadhi kwenye kopo la Kimbo. Sisi watoto tulikatazwa kusogea.

Kuna wiki malaria ilimlaza siku nne. Alipoamka akaniita: juu ya ule weusi palikuwa na alama ya kidole gumba chake, mistari yote imechorwa kwa kutu. Kazini mkubwa wake alimwita mzembe mbele ya wenzake. Hakujitetea.

Sasa nasoma uzamili wa uhandisi, upande wa metali, na lipo jambo ningependa kumwambia: ule weusi nao ni kutu. Chuma huchemshwa ndani ya sodiamu haidroksaidi na naitreti, kwenye nyuzi kama 140 za Selsiasi, mpaka uso wake ugeuke magnetaiti. Tabaka hilo ni jembamba mno, takriban sehemu moja ya elfu ya milimita. Peke yake halizuii kitu cha maana. Linashika mafuta tu. Kinga ilikuwa kile kitambaa, Baba.

Slaidi za Glock, bastola ya Austria ya miaka ya 1980, zilikuja na njia nyingine. Nitrojeni na kaboni hupenyezwa ndani ya chuma chenyewe, chini kidogo ya nyuzi 600, uso ukawa mgumu na jasho likapata tabu. Tasnifu yangu inahusu njia hiyo, ila kwa vipande vidogo kama sarafu.

Mwenzangu wa maabara aliniuliza kwa nini nirefushe maisha ya kitu kinachofupisha ya watu. Nikamjibu kwamba hata krankshafti za magari hufanyiwa hivyo. Ni kweli, na nilikuwa nakwepa.

Baba alistaafu, akarudisha bastola, kisha akafariki. Hakuwahi kusema kama aliwahi kumpiga mtu risasi, nami sikuuliza. Niliamini kila usiku anafuta chumvi tu.

Wiki iliyopita, nikisubiri tanuri lipoe, nilivua glavu, nikabonyeza kidole gumba juu ya kipande kisicho na kinga, nikakifungia mkebeni na pamba iliyolowa. Siku ya pili mistari ikaanza kujitokeza. Nimekipa namba kama vingine, ila kwenye daftari sijakiingiza.