Sabufa ya Omu Ngapi?

Nissan zilizobeba watu wa Nairobi miaka ya tisini hazikumsumbua sana fundi wa muziki. Amplifaya zilikuwa za njia mbili, nzito, zenye mapezi marefu ya kutoa joto, na sabufa ilikuja na koili moja ya omu 4. Uliunga njia mbili za amplifaya zikawa moja, ukafunga sabufa, ukamkabidhi dereva gari lake.

Shida ilianza mwenye gari alipoleta sabufa ya pili. Ukizifunga sambamba, omu 4 na 4 zinashuka kuwa 2, na amplifaya iliyoungwa vile huhisi kila upande wake umebebeshwa omu 1. Mdundo ulikuwa mtamu ajabu, lakini gari likikwama kwenye msongamano wa Jogoo Road, amplifaya ilichemka, taa nyekundu ikawaka, muziki ukakatika. Ukizifunga kwa kufuatana zilifika omu 8: amplifaya ilitulia, nguvu zikapungua, na makanga akarudi jioni kulalamika, "Fundi, hii haipigi."

Sabufa za koili mbili ndizo zilizotufungulia njia. Chukua mbili, kila koili omu 4. Unafuatanisha koili za kila sabufa zinakuwa 8, kisha unaziweka sabufa zenyewe sambamba, na unarudi kwenye omu 4. Sabufa mbili, mzigo uleule wa zamani! Nilipenda sana hesabu ile, na bado naipenda.

Baadaye zikaja amplifaya za aina ya D, nyepesi, zisizopoteza umeme mwingi kuwa joto, nyingine zikihimili omu 1. Nganya, yaani matatu zilizorembwa, za Rongai na Buruburu zikaanza kushindania hiyo omu 1. Hesabu inavutia kweli: volti 20 kwenye omu 4 ni wati 100, kwenye omu 1 ni wati 400. Lakini ampea nazo hupanda kutoka 5 hadi 20, na lazima zitoke mahali. Isuzu za abiria 33 zina betri mbili zilizofuatanishwa, volti 24, ilhali amplifaya inataka 12. Wengine huchota kutoka betri moja tu. Hiyo inaishiwa chaji huku mwenzake ikijazwa kupita kiasi, na zote mbili hufa mapema. Dawa ni kipunguza volti kinachomudu ampea zote hizo, na bei yake huwashtua wenye magari.

Kwa hiyo mimi hupendelea omu 2. Amplifaya ya omu 1 ikifungiwa 2 haitoi wati zake zote, lakini inapiga kutwa nzima bila kuchemka. Tatizo ni kwamba sabufa mbili za koili za omu 4 hazikupi 2 kwa namna yoyote: utapata 1, 4 au 16. Zinazokupa 2 ni zenye koili za omu 2. Zamani uamuzi wote niliufanya nyuma ya gari, koleo mkononi. Sasa unafanyika dukani, Luthuli Avenue, kabla waya haujakatwa. Ndiyo maana namwomba mwenye gari aje kwangu kabla hajanunua, au twende pamoja. Hata hivyo napima ncha za waya kwa mita kabla sijaigusa amplifaya. Omu 2 za kwenye lebo husoma pungufu kidogo, kwa kuwa mita hupima ukinzani wa koili tu. Ikisoma chini ya 1, kuna koili iliyofungwa vibaya, na nalifungua sanduku upya.