Kuala Lumpur na Kibubu cha Hija

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuhimiza tutembee katika ardhi yake na kuzingatia. Kwa rehema zake, sisi watatu kutoka kamati za misikiti ya Dar es Salaam tulijaaliwa kufika Kuala Lumpur, mji mkuu wa Malaysia, kwa mafunzo ya wiki mbili kuhusu usimamizi wa wakfu na amana za Waislamu. Haya ni machache ya siku zetu za mwanzo.

Jambo la kwanza lililotushughulisha ni kibla. Kwetu huelekea kaskazini. Huko huelekea magharibi, kikiinamia kidogo kaskazini. Kwenye dari ya chumba tulicholala palibandikwa mshale wa kukionyesha, nasi tukaona hiyo ni adabu njema kwa mgeni. Saa nazo zilitutangulia kwa tano. Adhana ya Alfajiri ilipolia, saa kumi na mbili ikikaribia, miili yetu ilikuwa bado saa saba ya usiku.

Lakini ugeni haukudumu. Waislamu wa huko hufuata madhehebu ya Shafi, kama walivyo wengi wetu wa pwani. Imamu aliposoma kunuti katika Alfajiri, tuliitikia amina bila kusita. Sokoni watu waliulizana khabar, sabuni ikaitwa sabun na nanasi likaitwa nanas. Asubuhi tuliletewa nasi lemak, nao si mwingine ila wali wa nazi uliofungwa katika jani la mgomba, pamoja na dagaa wa kukaanga, karanga na pilipili.

Siku isiyo na masomo tulitembezwa mjini. Tulisali Masjid Jamek, msikiti uliofunguliwa mwaka 1909 mahali inapokutana mito ya Klang na Gombak. Na jina la mji wenyewe maana yake ni makutano yenye tope. Tulizuru Msikiti wa Taifa wa mwaka 1965, wenye paa mfano wa mwavuli na mnara wa mita 73. Minara pacha ya Petronas, yenye urefu wa mita 452, tuliitazama kutoka chini hadi shingo zikatuuma.

Hata hivyo, jengo lililotukaa moyoni ni lile la Tabung Haji, lililosimamishwa juu ya nguzo kubwa tano kwa kuashiria nguzo za Uislamu. Tabung ni kibubu. Mwaka 1959 mwanauchumi Ungku Aziz aliona kwamba wanavijiji huuza mashamba na mifugo ili waende Hija, kisha hurejea wakiwa mafukara. Akapendekeza chombo cha kuweka akiba kidogo kidogo bila riba, nacho kikaanza kazi mwaka 1963. Fedha huwekezwa katika njia za halali, na faida hugawiwa wenye akiba baada ya kutolewa zaka. Mkufunzi wetu alituonyesha kitabu cha akiba alichofunguliwa na baba yake angali mtoto, kurasa zake zikiwa zimejaa viwango ambavyo hapa kwetu vingetosha kununua chai na vitumbua tu.

Tulitazamana kimya. Nani kati yetu hajamwona mzee mtaani aliyeuza kiwanja chake cha pekee, akarudi Makka akiitwa Alhaji, kisha akawa mpangaji kwa mwanawe? Ilhali Hija ni faradhi kwa mwenye uwezo, na uwezo huo ni pamoja na masurufu ya wale anaowaacha nyumbani.

Wala tusidhani kwamba chombo hicho hakikupata mitihani. Mwaka 2018 serikali ya Malaysia ililazimika kuingilia kati, baada ya kubainika kwamba madeni yake yamezidi thamani ya mali zake. Funzo ni kwamba nia njema haitoshi. Amana hulindwa kwa hesabu zinazokaguliwa na kuonekana.

Ndugu Waislamu, anayeweka shilingi 2,000 kila siku hupata 730,000 kwa mwaka, na 7,300,000 kwa miaka kumi. Kijana anayeanza leo hatalazimika kuuza shamba la watoto wake kesho. Tunapendekeza kila msikiti uwe na mfuko wa akiba ya Hija katika akaunti isiyo na riba, fedha zisitoke bila saini tatu, kila mwekaji apewe stakabadhi, na hesabu zibandikwe ubaoni kila mwezi, mahali ambapo hata mama aliyeleta mtoto madrasa ataziona. Kamati isiyokuwa tayari kubandika hesabu hizo, basi na isipokee hata senti moja.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuizuru Nyumba yake tukiwa na uwezo, na atukutanishe na familia zetu tukirejea zikiwa katika nyumba zao. Wabillahi tawfiq.