Kusikia Kahawa

Sisi tusemao Kiswahili harufu huisikia. Tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia usingizi, na mtu akipita mlangoni na udi nguoni tunasema tumesikia harufu ya udi. Katika miaka thelathini na minne ya kufundisha nililieleza jambo hili darasani kwa sentensi moja tu, kwamba kitenzi "kusikia" kina kazi nyingi kuliko sikio, kisha nikafuta ubao na kwenda kwenye mada nyingine. Sikudhani kwamba ipo siku nitairudia sentensi ile jikoni, mbele ya kikaango cha buni.

Mwanzoni mwa 2021 niliugua homa na kikohozi. Siku ya nne nilimimina kahawa yangu ya asubuhi, yenye tangawizi na iliki, nikapiga funda moja na kumwuliza mume wangu kwa nini ameizidisha maji. Hakuwa ameigusa. Ilikuwa kahawa ileile ya siku zote. Nilichokipata mdomoni kilikuwa uchungu, moto, na ule mwasho wa tangawizi kooni. Kahawa yenyewe haikuwamo. Kiswahili kina neno la kitu kama hicho: dufu. Wengine husema chapwa. Nimeyafundisha maneno yote mawili kwa kutaja mchuzi usiotiwa chumvi, lakini maana yake niliijua siku ile.

Homa ilipita, pua ikabaki ilivyo. Daktari alinifafanulia kwamba ulimi peke yake hutambua mambo machache mno: utamu, uchungu, uchachu, chumvi, na ule ukolevu wa supu ya nyama. Sehemu kubwa ya mengine tunayoyaita ladha ni harufu inayopanda kutoka nyuma ya kinywa na kuingia puani. Alinishauri nifanye zoezi lililopendekezwa mwaka 2009 na Thomas Hummel na wenzake huko Dresden, Ujerumani: kunusa waridi, mkaratusi, limau na karafuu, asubuhi na jioni, kwa majuma kumi na mawili. Karafuu na limau havikunipa taabu. Waridi niliipata katika chupa ya marashi, na mkaratusi katika dawa ya kuchua. Nikawa nanusa kama mtoto anayekariri silabi: ba, be, bi, bo, bu. Karafuu ilirudi kwanza, kwa mbali. Nyingine zilikuja nusunusu, na nyingine zikaja zimepotoka.

Nayasema haya ili msomaji aelewe kwa nini jambo dogo lililotokea nyumbani kwetu Tanga Desemba iliyopita halikuwa dogo kwangu.

Binti yangu alikuja likizo kutoka Arusha na pakiti mbili za kahawa ya dukani iliyotiwa ladha, moja ya vanila na nyingine ya hezelnati, ambayo ni kokwa ya nchi za baridi. Alinieleza kwamba kahawa za namna hii hukaangwa kwanza, kisha hunyunyiziwa mafuta yenye harufu na kuchanganywa mpaka kila buni ipate sehemu yake. Nikamwambia kwamba sisi pia tunatia ladha kahawa, ila hatuivalishi kwa nje. Tunaichemsha pamoja na viungo. Akajibu, "Basi Mama, tuzishindanishe."

Tukazishindanisha. Niliandaa kahawa za namna sita. Ya kwanza ilikuwa arabika tupu ya Kilimanjaro, na ya pili robusta tupu ya Bukoba, zote mbili zimenunuliwa zikiwa tayari zimekaangwa. Ya tatu na ya nne nilizikaanga mwenyewe, nikazitwanga kwa kinu, na kuchemsha moja na tangawizi, nyingine na iliki. Ya tano na ya sita zilikuwa zile za pakiti. Vikombe vilikuwa vya aina moja, vile vidogo vya baraza, na chini ya kila kimoja nilibandika namba. Waamuzi walikuwa wanne: mume wangu, binti yangu, mjukuu wangu wa kidato cha pili, na jirani yangu ambaye kwa miaka mingi amepika kahawa na kashata za kuuza. Walifungwa macho kwa kanga. Mimi nilimimina na kuandika.

Niliweka sharti moja la kimwalimu: ni marufuku kusema "tamu", "nzuri", "mbaya" au "kali". Neno "tamu" ndilo nililolihofu zaidi. Katika lugha yetu nyama ya chumvi ni tamu, usingizi ni tamu, maneno ni matamu, na kahawa chungu isiyo hata chembe ya sukari ni tamu pia. Ni neno la furaha ya mlaji zaidi kuliko sifa ya chakula. Niliwaambia, "Leo sitaki furaha zenu, nataka sifa za kahawa."

Kwa dakika kadhaa hapakuwa na jibu. Mjukuu alinung'unika kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Ndipo jirani yangu, aliyekuwa amekishika kikombe cha arabika, akasema taratibu, "Hii ina ugwadu." Neno hilo nilikuwa sijalisikia likitamkwa kwa maana yake tangu utotoni. Ugwadu ni ule uchachu wa embe bichi au ukwaju, unaoamsha mate. Vijana wa mitaani wamelivalisha maana nyingine, nami sina budi kulifua kidogo kabla ya kulirudisha mezani. Lakini kwa arabika ya milimani, ambayo huwa na uchachu mwembamba, sijui neno lililo bora kuliko hilo.

Mlango ukafunguka. Kwa robusta, mume wangu alisema "ukakasi", yaani ile hali ya kinywa kukauka na kuparuza kama baada ya kuuma ndizi mbichi. Siku hizi tunalisoma neno hilo magazetini tu, pale kauli ya mwanasiasa inapokuwa na ukakasi. Kumbe makazi yake ya asili ni mdomoni. Robusta pia ina kafeini karibu mara mbili ya ile ya arabika, na kafeini yenyewe ni chungu. Huko Kagera buni hizo huchemshwa na majani yenye harufu, hukaushwa, na kutafunwa. Wahaya waliitafuna kahawa na kukirimiana kwayo muda mrefu kabla mtu hajawaletea kinu cha kuisagia.

Kikombe cha tangawizi kilinifundisha mimi kuliko waamuzi. Niliwauliza wapi wanaisikia tangawizi, na wote walionyesha koo. Hakuna aliyeonyesha pua. Mwasho wa tangawizi na pilipili hupokewa na mishipa ya fahamu inayotambua joto na maumivu, na ndiyo maana hata nilipokosa harufu zote, huo haukuniacha. Hapo nililihurumia lile neno nililolipiga marufuku. Pilipili kali, jua kali, kisu kikali, mwalimu mkali: lugha ilikwisha kuviweka vyote katika kapu moja, la vitu vinavyochoma. Vivyo hivyo "uchungu" ni wa shubiri, wa mama anayejifungua, na wa aliyefiwa.

Kahawa za pakiti zilikuwa na bahati tofauti. Pakiti ilipofunguliwa chumba kizima kilijaa, na binti yangu alitabasamu kwa ushindi. Lakini zilipofika mdomoni, jirani yangu alisema vanila "imepita juu kwa juu", na mume wangu akasema hezelnati ni "dufu iliyojipaka manukato". Nadhani walizionea kidogo. Mjukuu alizipenda, na hakuna kosa katika hilo. Kosa langu lilikuwa kumfanyia hila: nilimpa arabika tupu huku nimeweka pakiti ya vanila karibu na pua yake, naye akaapa kwamba anaonja vanila. Nilipocheka, alijibu kwa haki, "Bibi, nimekwambia ninachokisikia." Nilimtaka radhi. Isitoshe, vanila si mgeni wa kudharauliwa. Hulimwa huko huko Kagera inakotoka robusta yetu.

Kikabaki kikombe cha nne, cha iliki. Hiki ndicho nilichokitegemea. Nilikuwa nimeikaanga buni mwenyewe, nikaona rangi imekaa vizuri, nikaponda iliki kwa ukarimu. Waamuzi watatu walikunywa na kusema mambo ya jumla: imekolea, ina riha. Mjukuu, ambaye bado alikuwa na kinyongo cha ile hila, akasema, "Hii imeungua. Ni kama ile kahawa ya hitima ya Bibi Mkubwa."

Hakuna aliyemkaripia. Ndivyo nilivyojua kwamba ni kweli.

Dada yangu alifariki mwaka 2022. Katika ukoo wetu kahawa ya msibani nimeipika mimi tangu mama aliponiachia kinu chake. Siku ya arobaini niliikaanga buni uani, chini ya taa hafifu, kwa kutumia macho tu, kwa kuwa pua haikuwa na habari. Watu walikunywa. Walirudisha vikombe, wakaniombea dua, wakaniambia Mungu azibariki mikono yangu. Zaidi ya miaka miwili nilikuwa naikumbuka siku ile kama jambo moja nililomfanyia dada yangu likatimia. Kumbe niliwanywesha masizi.

Nilikasirika, nakiri. Nilimwuliza mume wangu kwa nini hakuniambia. Alifungua kanga machoni na kusema, "Ungefanya nini? Kahawa ilikwisha kuiva, na wewe ulikuwa umefiwa." Sikuwa na jibu. Mimi niliyezungushia kalamu nyekundu makosa ya watoto wa watu, wengine wakiwa na njaa, wengine wakiwa wamefiwa pia, nilikuwa nimepewa alama kamili kwa huruma. Nilifikiri sana usiku ule ni lipi zito zaidi, kusahihishwa au kusamehewa kimyakimya. Bado sijaamua. Lakini najua kwamba aliyenifaa ni yule mtoto.

Kahawa ikikaangwa vyema hunukia, ikiungua hunuka. Kati ya sifa na lawama kuna irabu moja tu, ile "i", nami nilikuwa nimeipoteza. Kwa kuwa pua haikunirudishia, nilianza kuitafuta kwingine.

Asubuhi yake jirani yangu alikuja na buni mbichi kibaba kimoja, akanikalisha mbele ya jiko la mkaa na kuniambia nifumbe macho. "Wewe sikiliza tu," alisema. Buni mbichi ni kijani. Zikipata moto huwa manjano, kisha kahawia, na joto likifika karibu nyuzi 200 mvuke uliobanwa ndani huzipasua. Mpasuko wa kwanza ni wa sauti kubwa, moja moja, kama bisi. Kisha hufuata kimya. Baada ya kimya huja mpasuko wa pili, mwembamba na wa harakaharaka, kama majani makavu yanaposhika moto. Hapo mafuta huanza kutoka nje ya buni, na asiyeepua huunguza. Yeye huepua katikati ya kimya kile, kabla ya sauti ya pili. Alikuwa akifanya hivyo miaka yote, na hajawahi kufikiri kwamba ni elimu.

Nimekwisha kukaanga mara nyingi tangu siku ile. Huzima redio, huwaambia waliomo ndani wanyamaze, na huinamisha sikio juu ya kikaango. Mjukuu ndiye mkaguzi wangu, na nimempa ruhusa ya maandishi kusema "imeungua" bila kuongeza "samahani Bibi". Ameitumia mara mbili. Kahawa ya iliki imekuwa safi, naambiwa. Mimi mwenyewe, asubuhi nyingine, funda la tatu au la nne linapopita, kitu hugusa nyuma ya pua na kutoweka kabla sijakiita jina. Nadhani ni iliki. Siku kilipokuja mara ya kwanza niliandika ubeti huu, nao haukutaka mwenziwe:

Kahawa nakurejea, usinifiche harufu,
Pua ilinipotea, nikaona yote dufu,
Iliki yanitembea, puani japo hafifu,
Ulimi nauchochea, upate neno nadhifu.

Wapenzi wa lugha, nina ombi. Katika daftari langu la jioni ile nina maneno machache: ugwadu, ukakasi, dufu, chapwa, riha, kukolea. Hayatoshi kahawa sita, seuze vyote tulavyo. Huko mliko, Lamu, Pemba, Kigoma, Bukavu, wazee wenu huiitaje kahawa iliyolala, iliyopoa na kupashwa tena, au ile iliyochemshwa na mdalasini ukazidi? Nileteeni maneno hayo. Na mkija kwangu mkaikuta kahawa imeungua, nawaombeni mniambie.