Ziwa la Nailoni

Likizo iliyopita nilipangiwa kigango kimoja kando ya Ziwa Victoria, na watoto wa Utoto Mtakatifu wakataka tutengeneze katuni ya Yesu akituliza dhoruba. Tulikuwa na simu yangu, udongo wa mfinyanzi na muda mwingi. Katuni ya namna hii haichorwi: unasogeza kinyago kidogo, unapiga picha, unakisogeza tena. Sisi tulipiga picha 12 kwa kila sekunde.

Vinyago havikutusumbua. Kazi ni hali ya hewa. Tone la mvua huwezi kuliambia lisubiri hewani mpaka upige picha, na maji ukiyanyunyizia kinyago hutiririka au hukauka kabla hujamaliza kukisogeza mkono. Kwa hiyo matone ya usoni yalikuwa gliserini ya dukani, ambayo hukaa. Mvua inayoshuka tuliichora kwa vistari kwenye plastiki angavu mbele ya simu, tukibadilisha plastiki kila picha. Umeme wa radi ulikuwa rahisi kuliko yote: tochi inawashwa kwa picha moja tu. Mawimbi yalikuwa nailoni ya bluu juu ya vijiti, na povu lake pamba. (Hata studio ya Laika ya Marekani, katika Kubo and the Two Strings ya mwaka 2016, vinyago walivisogeza kwa mkono lakini bahari yenye dhoruba wakaikabidhi kompyuta. Tusijione wanyonge.)

Upepo tulifundishwa na kijana wa darasa la sita, mtoto wa mvuvi wa dagaa. "Frateri, upepo unaanza kwenye taa," alisema. Basi karabai yetu ya waya ikayumba kwanza, kisha tanga, ambalo tulilishonea waya mwembamba ukingoni ili libaki limejikunja, ndipo maji yakainuka.

Ubishi ulikuja kwenye utulivu. Tulipanga mawimbi yapungue polepole kwa sekunde tano, yaani picha 60, ili ionekane kweli. Yule kijana akakataa. Upepo wa ziwani unaweza kukatika ghafla, alisema, lakini maji hayakatiki. Yanaendelea kupanda na kushuka muda mrefu baadaye. Tukifanya hivyo, tumeonyesha ziwa la kila siku tu.

Nimeisoma Marko 4 mara nyingi, tena pamoja na maelezo ya wataalamu, lakini hili sikuwahi kulisikia darasani. Simoni, Andrea, Yakobo na Yohane walikuwa wavuvi. Dhoruba walishaziona. Kilichowatia hofu kubwa zaidi, naamini sasa, ni maji kulala papo hapo.

Kwa hiyo picha moja mawimbi yamesimama, na inayofuata nailoni imenyooka kama meza. Aliyeinyoosha ni yeye, kwa viganja viwili, taratibu, kama anayetandika kitanda. Baba yake mdogo alizama ziwani mwaka juzi.

Marko anataja pia vyombo vingine vilivyokuwa pamoja nao jioni ile, ambavyo wachoraji huvisahau mara nyingi. Kijana akafinyanga mtumbwi wa pili, akauweka nyuma kabisa, karibu na ukingo wa meza, pamoja na karabai yake. Upo kwenye picha zote za mwisho.