Darasa la Mdogo Wangu

Nilipofika shuleni hapa, jioni ya kwanza bwenini tuliulizana habari za kwetu. Nilipoulizwa tumezaliwa wangapi, nalijibu, "Wawili, mimi na dada yangu." Maneno hayo hayakuwa kweli. Tumezaliwa watatu. Wa mwisho ni mdogo wangu wa kiume, naye ana usonji. Sasa nimo Kidato cha Nne, na muda wangu hapa umebaki mchache. Napenda kulisahihisha jibu lile katika gazeti letu, na kuwaeleza wasomaji niliyojifunza darasani kwake.

Mtoto mwenye usonji huzaliwa na ubongo unaokua kwa namna yake. Mdogo wangu hasemi. Akiitwa hutazama kando. Hupenda kupindua baiskeli na kuzungusha gurudumu, akalitazama asubuhi nzima, na kwetu Tanga baiskeli hazikosekani. Majirani walinong'ona kwamba ana mapepo, au kwamba mama alikosea katika malezi. Mama hakuwajibu. Baadaye nilisoma kwamba hata baadhi ya wataalamu wa Marekani na Ulaya, katika miaka ya 1950 na 1960, walisema usonji waletwa na mama asiyempenda mtoto wake. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba sivyo kabisa. Laiti ningalijua mapema, ningalimwambia mama.

Basi, Novemba ile tulipomaliza mtihani wa Kidato cha Pili nilirudi nyumbani, na shule za msingi zilikuwa hazijafungwa. Mama akanipa kazi ya kumpeleka mdogo wangu kwenye darasa la watoto wenye usonji. Nilikusudia kumwacha mlangoni nikimbie. Lakini watoto walikuwa tisa, na mwalimu alikuwa peke yake, kwa kuwa msaidizi wake aliugua. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Ingia, nishikie mlango huu wasitoke." Nikaingia, nikakaa wiki tatu.

Ukutani palikuwa na kamba, na juu yake picha zimebanwa kwa vibanio vya nguo: kitabu, kikombe cha uji, mpira, bomba la maji, nyumba. Hiyo ndiyo ratiba. Jambo likiisha, mtoto huondoa picha yake, akaitia katika kopo, akatazama inayofuata. Kunawa mikono kulikuwa somo zima, nalo lilikatwa vipande sita: fungua bomba, lowesha mikono, paka sabuni, sugua, suuza, funga bomba. Mtoto hufundishwa kipande kimoja mpaka akiweze, ndipo huongezewa kingine. Mwalimu alisema maneno machache tu, kisha akangoja. Alinifundisha kuhesabu moyoni hadi kumi kabla ya kurudia neno, kwani watoto wale wakiharakishwa huchanganyikiwa, na wakingojwa wengi wao hulifanya jambo wenyewe.

Siku ya nne uji ulichelewa. Mimi, nikitaka kuonekana hodari, nikairuka picha ya kikombe, nikawaita wote wakacheze mpira. Mdogo wangu akajitupa chini, akapiga kelele, akaziba masikio. Nikaona haya, nikamshika mkono kwa nguvu, nikamkaripia. Akazidi kulia. Mwalimu akaja, akaketi sakafuni karibu naye, hakumgusa wala hakusema neno mpaka alipotulia. Kisha akaniambia, "Mwanangu, huyu hakukaidi. Umemwondolea kitu alichokitegemea. Je, huko kwenu bwenini, kengele zikipigwa ovyo, usijue ipi ya chakula na ipi ya kulala, ungeweza kusoma?"

Sikuwa na jibu. Sisi hapa twailalamikia kengele kila siku, nayo ndiyo itufanyayo tutulie. Mdogo wangu alihitaji kile kile nilichopewa mimi tangu Kidato cha Kwanza: kujua kitakachofuata, na mwalimu wa kumngoja mpaka aelewe.

Wiki ya mwisho nilichora baiskeli juu ya kipande cha boksi. Mwalimu akanisaidia kumwonyesha kwamba akinipa picha ile, nitampa baiskeli aizungushe. Siku mbili aliitupa. Siku ya tatu akaja, akaitia mkononi mwangu bila kunitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kuniomba kitu. Mpaka leo hasemi, lakini picha zake sasa ni kumi na nne, naye ajua kumwomba mama maji.

Wasomaji wapenzi, wahenga walisema subira yavuta heri, nami nimeyaona kwa macho yangu. Madarasa kama lile yanahitaji walimu zaidi, na Mungu akinijalia kufaulu, nimeazimia kusomea kazi hiyo. Sikukuu ya wazazi muhula huu mama amekubali kuja, na safari hii nimemwomba asije peke yake. Mtakapomwona mtoto mwenye picha zilizofungwa kwa kamba, akiinamia magurudumu ya baiskeli za walimu, huyo ni mdogo wangu. Mkimwamkia asiitike upesi, tafadhali msikasirike, mngojeni kidogo.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV