Usiku Tuliomzungumzia Ngala

Nilizaliwa skwota karibu na Malindi, nikalelewa skwota, na nilipokuwa tayari mwalimu mwenye mke na watoto, nyumba yetu ikavunjwa.

Asiyeijua Pwani ya Kenya huuliza mtu huwaje mgeni mahali alipozikwa babu yake. Sheria ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani wadai ardhi yao kwa maandishi. Wagiriama wengi hawakudai. Ardhi ikasajiliwa kwa wengine au ikawa ya serikali. Sisi tulilima mihogo na mahindi kwa ruhusa. Mnazi au mkorosho hatukuruhusiwa kupanda, maana mti wa kudumu ni ushahidi.

Tingatinga lilikuja asubuhi. Tuliokoa mabati, masufuria na madaftari ya watoto. Usiku, chini ya mwembe wa jirani, sikuwa na neno la kumwambia mke wangu. Nikaanza kumsimulia habari za Ronald Ngala, kama marehemu baba alivyonisimulia.

Ngala alikuwa Mgiriama mwenzetu, aliyesoma shule ya Alliance na chuo cha Makerere, akafundisha, akaongoza shule ya Buxton pale Mombasa. Mwaka 1957 akachaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, 1960 akawa kiongozi wa chama cha KADU, akaenda London kupigania mfumo wa majimbo ili ardhi ya Pwani iamuliwe na Wapwani. Mwaka 1963 akawa rais wa Jimbo la Pwani. Haukupita muda! Novemba 1964 KADU ikavunjwa, wabunge wake wakaingia chama cha KANU, na majimbo yakaondolewa kwenye katiba. Baba alikufa akisema Ngala alituuza.

Mimi nakataa. Mtu aliyeona kazi yake yote ikibomolewa, kisha akarudi kutumika, akawa waziri mwaka 1966, na kufia kazini baada ya ajali ya gari Desemba 1972, huyo hakuuza mtu. Alikataa kukaa matanga ya siasa.

Nami sikukaa matanga: Jumatatu nilisimama mbele ya darasa na shati lenye vumbi. Tulipanga chumba, mke wangu akauza mahamri, miaka ikaenda, hadi tukapata shamba kwenye skimu ya makazi, na hati yake. Nimepanda minazi. Jirani wa ule mwembe bado hana hati. Barua zake za ofisi ya ardhi Kilifi namwandikia mimi.